Programu huria haina maana ya mlango wazi: nani wa kuaminiwa mwanya unapogunduliwa

Hapa Kisumu, ubishi kuhusu programu za kuwasiliana huwa na pande mbili, na zote mbili zimekosea. Upande mmoja, ukiwatajia Mastodon, mtandao wa kijamii ambao ni programu huria, husema: "Mastodon? Hiyo msimbo wake umeanikwa kwenye intaneti, kila mdukuzi anausoma. Ukijiunga umejiuza." Upande wa pili, mara nyingi vijana waliosomea kompyuta Maseno au kwenye vyuo vya mjini, hujibu kwa uhakika uleule: "Msimbo uko wazi, kila mtu anaukagua, kwa hiyo hauwezi kudukuliwa." Tangu maandamano ya Juni 2024, watu walipoanza kuulizana ni programu gani salama ya kuongelea mambo yao, kauli hizi zimekuwa zikirudiwa kwenye matatu, kwenye magrupu ya kanisa na kwa wauza simu wa Kondele. Watu wanaamua mahali pa kuweka siri zao kwa kutegemea kauli hizo, ndiyo maana naona inafaa tuzichambue polepole.

Tuanze na maneno yenyewe. Msimbo ni maagizo ambayo mwandishi wa programu huiandikia kompyuta: mtu akibonyeza hapa, fanya hivi, nywila ikikosewa mara tano, mzuie. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake umewekwa hadharani, tena kwa leseni inayomruhusu yeyote kuusoma, kuutumia, kuubadilisha na kuusambaza. Mwanya ni kosa ndani ya maagizo hayo, kosa linalompa mtu nafasi ya kufanya asichoruhusiwa. Kiraka ni marekebisho ya kuuziba mwanya, nacho hukufikia wewe kwa jina la sasisho. Mtunzaji ni mtu mwenye mamlaka ya kukubali au kukataa mabadiliko kwenye msimbo wa mradi. Huyu wa mwisho ndiye anayesahaulika zaidi, na kwangu mimi ndiye kiini cha mada yote.

Sasa fikiria chama cha akina mama wanaoweka akiba kwenye sanduku la chuma lenye makufuli matatu. Katiba ya chama inajulikana: nani anashika ufunguo upi, sanduku linafunguliwa siku gani, mkopo unatolewaje. Hata jirani asiye mwanachama anaweza kuisoma tangu mwanzo hadi mwisho, na asipate ufunguo hata mmoja. Msimbo wa programu huria ni katiba hiyo. Ujumbe wako, picha zako na nywila yako ni pesa zilizo ndani ya sanduku. Katiba ikiwa na kifungu kibaya, kwa mfano kinachomruhusu mweka hazina kufungua peke yake "wakati wa dharura" bila kusema dharura ni nini, mwizi anaweza kukiona. Mwanachama makini naye anaweza kukiona. Ukiificha katiba, kifungu kibaya kinabaki palepale; kilichobadilika ni kwamba wanachama hawana tena njia ya kukigundua.

Mfano halisi unaoonyesha uzuri na ubaya wa uwazi kwa pamoja ni Diaspora. Mwaka 2010 wanafunzi wanne wa Chuo Kikuu cha New York walitangaza kwamba wanataka kujenga mtandao wa kijamii usiomilikiwa na kampuni moja. Waliomba umma uwachangie dola 10,000. Walipata zaidi ya dola 200,000, kwa kuwa wakati huo watu wengi walikuwa wamekasirishwa na Facebook kwa kubadilisha mipangilio ya faragha kila mara. Septemba mwaka huohuo wakauweka msimbo wao hadharani, wakionya wenyewe kwamba haujakamilika na kwamba wanajua una mianya. Waliousoma walianza kuikuta mianya hiyo karibu papo hapo.

Mwanya mmoja kati ya hiyo ni rahisi kuuelewa hata kama hujawahi kuandika mstari mmoja wa msimbo. Ukitaka kufuta albamu yako ya picha, simu yako hutuma ombi kwenye seva, yaani kompyuta inayoendesha mtandao na kuhifadhi data za watumiaji: futa albamu namba 17, tuseme. Seva inapaswa kujiuliza maswali mawili kabla ya kutii. La kwanza: huyu anayeomba ameingia kwa akaunti yake? La pili: albamu namba 17 ni yake? Diaspora iliuliza la kwanza ikaacha la pili. Kwa hiyo mtu yeyote mwenye akaunti halali angeweza kuondoa namba ya albamu yake kwenye ombi, akaweka ya mtu mwingine, na picha za mwenzake zikafutika. Hapakuwa na haja ya kuiba nywila wala kuvunja kitu chochote. Seva ilitii tu.

Kosa hili halikuwa la wanafunzi wale peke yao. Mwaka 2021 shirika la OWASP, ambalo huorodhesha hatari kubwa za programu za wavuti, liliweka makosa ya aina hii katika nafasi ya kwanza: mfumo unajua wewe ni nani, ila hauangalii kama unachogusa ni chako. Na kwa maoni yangu vijana wa Diaspora walifanya jambo la heshima kuutoa msimbo na kusema wazi kwamba una kasoro. Pale ambapo mambo huharibika ni mtu anapolichukua toleo la majaribio akaliwekea watu halisi na picha zao za harusi. Onyo liliandikwa, waliojiunga baadaye hawakulisoma, na wengi wao hawakuambiwa kwamba lipo.

Je, msimbo uliofichwa ungewaokoa? Septemba 2018 Facebook ilitangaza kwamba wadukuzi walikuwa wametumia mwanya kwenye kipengele cha kukuonyesha ukurasa wako unavyoonekana kwa wengine, wakachukua vibali vya kuingilia vya akaunti ambazo baadaye ilisema ni takriban milioni 30. Mwanya huo ulikuwepo tangu Julai 2017. Mei 2019 WhatsApp ilikiri mwanya uliowezesha simu ya mtu kupandikizwa programu ya kijasusi kwa kupigiwa tu, hata kama hakupokea. Msimbo wa programu hizo mbili haukuwa wazi kwa umma. Kuficha hakukuzuia kitu.

Lakini wale vijana wetu wenye uhakika nao wasishangilie mapema. Kwamba kila mtu anaweza kuusoma msimbo hakumaanishi kwamba kuna mtu anayeusoma. Mwanya uliopewa jina la Heartbleed uliingia kwenye OpenSSL, programu huria inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya wavuti, katika toleo la Machi 2012. Ulitangazwa Aprili 2014. Miaka miwili msimbo ulikuwa hadharani, benki na serikali zikiutumia, huku kazi ya kuutunza ikifanywa na watu wachache sana. Rudi kwenye chama: katiba imebandikwa ukutani, wanachama mia wanapita mbele yake kila mkutano, na hakuna aliyewahi kuisoma hadi kifungu cha nne.

Hapo ndipo tunafika kwa watunzaji. Machi 29, 2024, mhandisi wa Microsoft aitwaye Andres Freund alitangaza kwamba mlango wa siri umefichwa ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili iliyo ndani ya mifumo mingi ya Linux, na Linux ndiyo inayoendesha seva nyingi duniani. Aliugundua kwa sababu kuingia kwenye mashine yake kulikuwa kunachelewa kwa takriban nusu sekunde, naye akataka kujua kwa nini. Aliyeuweka mlango huo hakuruka ukuta. Alijiita Jia Tan, akaanza kuchangia kazi nzuri mwaka 2021, akawa msaidizi mwaminifu wa mtunzaji ambaye alikuwa karibu peke yake, anajitolea bila malipo, na alishaeleza hadharani kwamba nguvu zake zimepungua. Polepole akapewa mamlaka. Mwanzoni mwa 2024 akayatumia. Hadi leo jina hilo halijaunganishwa hadharani na mtu yeyote anayejulikana.

Kisa hiki hunisumbua kuliko vingine vyote, kwa sababu kila hatua aliyoipitia ni ile tunayoisifu: kuja, kusaidia, kuvumilia, kuaminiwa. Na bado kilichotuokoa ni uwazi huohuo. Freund hakuwa mtunzaji wa xz. Hakuomba ruhusa ya mtu kuufungua msimbo na kufuatilia nusu sekunde yake hadi mwisho.

Kwenye mitandao ya kijamii kuna jambo jingine linaloongeza ugumu. Mastodon, aliyoianzisha Eugen Rochko nchini Ujerumani mwaka 2016, haina seva moja. Ni maelfu ya seva zinazoendeshwa na watu tofauti na zinazoongea zenyewe kwa zenyewe: vyama vingi vyenye katiba moja, kila kimoja na sanduku lake na wenye funguo wake. Kwa hiyo unawaamini watu wa aina mbili kwa wakati mmoja, wale wanaoandika msimbo na yule anayeendesha seva uliyojiunga nayo. Huyu wa pili ana uwezo mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Ujumbe wa faragha kwenye Mastodon haufungwi kwa usimbaji fiche (kuugeuza ujumbe usisomeke na mtu mwingine) kutoka kwako hadi kwa mwenzako, kwa hiyo msimamizi wa seva akitaka kuusoma anaweza. Mambo ya siri yanafaa kupelekwa Signal, ambayo nayo ni programu huria na hufunga kila ujumbe kwa namna ambayo hata wenye seva hawawezi kuusoma.

Mwaka 2023 Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox, iligharamia ukaguzi wa msimbo wa Mastodon, uliofanywa na kampuni ya Cure53 ya Ujerumani. Mwanya mkubwa kuliko yote waliouona ulikuwa hivi: faili la picha au video lililotengenezwa kwa ujanja, likipakiwa, lingeweza kuilazimisha seva kuandika mafaili mahali isipopaswa, na mshambulizi akaishia kuimiliki seva nzima. Ulipewa ukali wa 9.9 kati ya 10. Viraka vilitoka Julai 6, 2023. Miezi michache baadaye, Februari 1, 2024, kikatoka kiraka kingine cha mwanya wa ukali wa 9.4, ambao ungemruhusu mtu kujifanya mwenye akaunti iliyo kwenye seva nyingine na kuitwaa. Safari hii watunzaji walisema: sasisheni sasa hivi, maelezo kamili tutayatoa Februari 15.

Kuna waliolalamika kwamba mradi wa wazi haufai kuficha kitu. Sikubaliani nao. Kiraka kinapotolewa hadharani, mwenye nia mbaya hulinganisha msimbo wa zamani na mpya, akaona mstari uliobadilika, akajua mwanya ulikuwa wapi. Kuanzia dakika hiyo ni mbio kati yake na wasimamizi wa seva. Kuwapa wasimamizi wiki mbili bila kumpa mshambulizi maelekezo ni busara, mradi tarehe ya kufichua itajwe na iheshimiwe. Tatizo huwa ni mtunzaji anayeziba kimya kimya na asiseme kamwe, au anayetoa maelezo kabla wasimamizi hawajapata nafasi ya kusasisha.

Pixelfed, mtandao huria wa picha unaoongea na Mastodon, ilitufundisha jinsi kosa la seva ya mbali linavyokugusa. Matoleo ya kabla ya 0.12.5, lililotoka Machi 2025, hayakuheshimu ipasavyo akaunti zilizofungwa (ambazo mwenyewe humkubali kila anayetaka kumfuata) za kwenye seva nyingine. Mtu mmoja wa seva ya Pixelfed akikubaliwa na wewe kukufuata, wengine wa seva ileile wangeweza kukufuata bila idhini yako na kusoma ulichowawekea marafiki tu. Wewe hukukosea, na seva yako haikukosea. Picha zako zilikuwa zimeshafika kwenye sanduku la chama kingine, na mlinzi wa huko hakuuliza swali. Jinsi kiraka hicho kilivyotolewa pia kilizua ubishi mkubwa, na kwa baadhi ya watu imani iliyopotea ilitokana na ubishi huo kuliko mwanya wenyewe.

Kuna mambo mengine yanayochanganywa na haya ambayo nitayapitia haraka. Telegram imefungua msimbo wa programu ya simu, ila wa seva umefichwa, na mazungumzo ya kawaida na magrupu yake hayafungwi kati ya mtu na mtu. X ilichapisha sehemu ya msimbo wa kupendekeza machapisho Machi 2023. Hiyo haiufanyi mtandao mzima kuwa huria. Na GB WhatsApp, ambayo wengi hapa wameiweka kwa sababu inaficha "last seen", haina uhuria wowote. Ni WhatsApp iliyochokonolewa na watu wasiojulikana, haipo Play Store, msimbo wake hauonekani, na hupitishwa kama faili kutoka simu hadi simu. Mwaka 2021 Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, ilikuta programu hasidi ya Triada ndani ya toleo la FMWhatsApp, mwenzake wa karibu. Ukiwa nayo, itoe leo.

Anayesema programu huria ni hatari kwa asili yake aangalie alipotibiwa. OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa unaotumika katika nchi nyingi, chimbuko lake ni Eldoret, katika ushirikiano ulioanza mwaka 2004 kati ya madaktari wa huko na Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, Marekani. KenyaEMR, inayotumika katika vituo vingi vya afya vya umma, imejengwa juu yake. Msimbo wake unaweza kuusoma usiku huu ukiwa Ahero au Njoro. Faili la mgonjwa huwezi kulisoma. Programu iitwayo Ushahidi nayo, iliyozaliwa wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 ili watu waripoti yaliyokuwa yakitokea Kisumu, Nakuru, Eldoret na kwingineko, ilitolewa kama programu huria na ikatumiwa Haiti baada ya tetemeko la 2010.

Basi utajuaje mradi wa kuamini kama hujui kusoma msimbo? Fungua ukurasa wa mradi kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, au popote unapohifadhiwa, na usiuangalie msimbo kabisa. Angalia tarehe ya toleo la mwisho: kama ni ya miaka mitatu iliyopita, ondoka. Tafuta faili la usalama, kwa kawaida lina jina SECURITY kwa herufi kubwa, linaloeleza mwanya uripotiwe wapi. Soma maelezo ya matoleo yaliyopita uone kama wamewahi kukiri mwanya. Watu wengi huogopa wakikuta orodha ya mianya iliyozibwa. Mimi huogopa nikikuta mradi mkubwa usio na hata mmoja. Angalia pia ni watu wangapi wanaokubali mabadiliko, kwa sababu mtunzaji mmoja akiugua au akichoka, mnaugua wote. Kisha nenda kwa msimamizi wa seva unayotaka kujiunga nayo umuulize inaendesha toleo gani. Msimamizi mzuri atakujibu bila kununa.

Na kama ni wewe unayetaka kuifungulia seva jamii yako, iwe ni vijana wa Nyalenda au wanafunzi wenzako wa Egerton, jua kwamba majina na barua pepe za watu zikikaa kwako, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu. Data ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, una saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data tangu ulipojua. Kusubiri hadi wikendi ndipo usasishe hakutakuwa kisingizio.

Kwa wanaojifunza udukuzi wa kimaadili, yaani kutafuta mianya ili izibwe, hapa ndipo programu huria inawapa faida ambayo programu za kufungwa haziwezi kuwapa. Kuijaribu seva ya mtu mwingine bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, hata kama nia yako ni njema. Lakini unaweza kuishusha Mastodon au Pixelfed yote, ukaisimika kwenye laptopu yako, ukafungua akaunti mbili za uongo, kisha ukajaribu kufuta albamu ya moja ukiwa umeingia kwa nyingine. Ukifaulu, andika hatua ulizopitia moja baada ya nyingine, zitume kwenye anwani iliyo katika faili la usalama, na usilitaje jambo hilo kwenye grupu lolote. Kikosi cha Project Zero cha Google, ambacho kazi yake ni kutafuta mianya, huwapa watunzaji siku 90 za kuuziba kabla ya kuchapisha maelezo ya walichokiona, na muda huo ni kipimo kizuri kwako pia.